Vipande vya Mama Mmoja

Mama Ntumba amenipigia simu kabla sijanywa chai:
"Fundi, ulinidanganya. Ile ya daktari iko kijani.
Yangu iko rangi ya mayi ya kunde."
Sikujibu. Nilitafuta viatu.

Nilivikata mwenyewe, kwa koleo la kung'olea meno,
juu ya meza ya jikoni, Katuba, mvua ikipiga bati:
tumbawe moja, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
lililotoka Dar ndani ya mfuko wa nailoni,
siku sita, Tunduma, kisha foleni ya Kasumbalesa,
dereva akiulizwa na kila mwenye kofia, unabeba nini,
naye akijibu, "Jiwe, shefu. Jiwe linalokula."
Vipande vitatu. Gundi. Kila kimoja na ndoo yake ya chumvi.

Kwa daktari wa meno, kule Golf, taa ni za buluu,
zinawaka saa kumi bila kukosea, jenereta iko tayari uani.
Humo kipande kimevaa kijani cha kitenge
ambacho hakijafuliwa hata mara moja.
Wagonjwa hukitazama, wakasahau shavu.

Kwa Mama Ntumba, Bel-Air, taa ni moja, ya njano,
pazia zito, na samaki hulishwa mara tano kwa siku
maana ni wageni wake.
Maji yameshiba. Kipande kimegeuka kahawia,
kimejaza vijimea ndani ya ngozi, kila kimoja kikiusaka mwanga
kama watu mlangoni pa duka siku ya unga.
Hakiumwi. Kina kazi nyingi.

Nikamwambia: mama, umekiuliza kwa taa hiyo, kimekujibu hivyo.
Akakunja uso. "Njo kusema yangu iko maskini?"
Hapo nilikosa Kiswahili.
Akataka wabadilishane, yeye na daktari.
Nikasema, badilishaneni,
baada ya miezi mitatu daktari ndiye atakayenipigia simu.

Kabla ya kutia mkono majini nilinawa hadi kiwiko.
Hili nimewafundisha wote: vua pete, toa sarafu,
bomba la shaba lisikaribie.
Shaba ya kutosha ncha ya sindano tu,
nalo tumbawe hujifunga, hunyong'onyea, huacha mifupa.
Wananicheka. Katika mji huu!
Baba alirudi nyumbani miaka thelathini na mmoja
na kijani chini ya kucha, si cha taa ile;
shaba ilininunulia daftari, kaptula, hata jeneza lake.
Ninanawa tena.

Cha tatu kiko kwangu, juu ya friji isiyogandisha.
Umeme huja ukipenda.
Mwaka wa kwanza kilikuwa na zambarau pembeni,
nikajigamba kwa shemeji Kalenga.
Mwaka wa pili kikapauka, nikalala vibaya.
Sasa sijui nikiite rangi gani.
Mke wangu anasema, kama ngozi ya kiwiko.
Mwadi, wa miaka saba, anasema, kama Jumapili mchana.

Jana giza liliingia saa moja usiku, mtaa mzima.
Nilikuwa nakoroga maji kwa mkono, yasikose hewa,
Mwadi ameshika tochi ya simu.
Kipande kilikuwa kimefungua minyiri yake yote,
myembamba, mingi, inapapasa
kama mtu anayetafuta kiberiti kwenye nyumba anayoijua.

"Papa, njo ile ile ya kwa daktari?"
Ndiyo.
Akasogeza tochi pembeni. "Na sasa?"
Ndiyo.
Akaizima. "Na sasa?"

Mkono wangu ukaendelea kuzunguka majini.